Njia, Fezi au Zamu: Uhakiki wa Istilahi za Umeme wa Mota katika Karakana za Arusha na Meru

1.0 Utangulizi

Uhakiki huu unashughulikia jozi moja ya istilahi za Kiswahili, yaani umeme wa njia moja na umeme wa njia tatu, kama zinavyotumika pale ambapo mota iliyoundwa kwa umeme wa njia tatu inatakiwa ifanye kazi kwa umeme wa njia moja. Haja hiyo si ngeni katika jiji la Arusha na katika vijiji vya miteremko ya Mlima Meru. Mwenye mashine ya kusaga Ngaramtoni, seremala wa Kijenge, mfugaji wa Akheri anayekatia ng'ombe majani kwa mashine, au mkulima wa Maji ya Chai anayevuta maji kwa pampu, kila mmoja anaweza kujikuta ana mota nzima ya nyaya tatu, ilhali nguzo iliyo karibu naye imeleta nyaya mbili tu, wa moto na nyutro. Bei ya shilingi 27,000 iliyopata umaarufu katika miradi ya umeme vijijini ilimfikisha mteja kwenye umeme wa njia moja. Kutoka hapo hadi kwenye mota yake anasaidiwa na fundi, na fundi anasaidiwa na maneno aliyonayo.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba istilahi njia inahesabu nyaya na kuuficha wakati, na kwamba tatizo la mota ni la wakati, si la idadi ya nyaya. Kasoro hiyo si ya kinadharia tu. Mtu anayefikiri kwa kufuata istilahi hiyo hadi mwisho wake anafika mahali ambapo mota inaungua. Istilahi inayomwongoza mtumiaji wake vibaya inastahili kuhakikiwa kwa ukali uleule unaotumika kuhakiki kitabu cha kiada chenye kosa.

Wahakiki wa istilahi za Kiswahili kwa kawaida hupima maneno kwa vigezo vya usahihi, uwazi, uwekevu na kukubalika, kama vilivyojadiliwa na Tumbo-Masabo na Mwansoko (1992) katika kiongozi chao cha uundaji wa istilahi. Vigezo hivyo vinafaa, lakini mara nyingi hutumika juu ya orodha ya maneno iliyolala mezani. Hapa vinatumika juu ya neno lililoshikwa na mtu mwenye bisibisi mkononi. Tofauti hiyo inabadili matokeo ya upimaji.

2.0 Majina yaliyopo

Majina yanayoshindania dhana hii ni manne, na kila moja lina mlango wake.

Njia ni jina la mkataba wa huduma. Linatumika kwenye maombi ya kuunganishiwa umeme, kwenye bei na kwenye aina za mita za LUKU. Kwa kazi hiyo ni jina zuri: ni fupi, ni la Kiswahili, na mteja analielewa bila kufafanuliwa, kwa sababu kile anachouziwa kinaonekana kwa macho kama nyaya zinazoingia nyumbani. Fezi ni jina la karakana, lililokuja pamoja na mota zenyewe na vibao vyake vya Kiingereza. Umeme mkubwa ni jina la mtaani, nalo linapima kitu kwa nguvu zake. Awamu ni jina la wasomi, linalopatikana kwa kutafsiri neno la Kiingereza kupitia maana yake ya kawaida ya kipindi au hatua.

Awamu inaweza kuondolewa mapema katika mjadala. Kwa Mtanzania wa leo neno hilo limekwisha kushikwa na siasa: Serikali ya Awamu ya Kwanza, ya Pili, hadi ya Sita. Awamu moja huisha ndipo nyingine ianze, na awamu iliyopita hairudi. Fezi za umeme hazifanyi hivyo hata kidogo. Zote tatu zipo kwa pamoja, na kila moja hurudi mara 50 kwa sekunde. Fundi anayeambiwa mota yake ni ya awamu tatu anaweza kudhani ina mwendo wa aina tatu, kama feni yenye swichi ya kasi.

Umeme mkubwa una kosa la aina nyingine. Unamfanya mtu aamini kwamba anachokosa ni nguvu, na kwamba nguvu ikiongezwa tatizo litakwisha. Volti 230 zilizopo kati ya waya wa moto na nyutro ndizo hizohizo zilizopo kati ya kila waya wa moto na nyutro katika umeme wa njia tatu. Volti 400 zinazotajwa ni tofauti kati ya waya mmoja wa moto na mwingine, na tofauti hiyo inatokana na kwamba nyaya hizo hazifikii kilele kwa wakati mmoja. Hata ukubwa wenyewe, basi, ni zao la wakati.

Fezi haidanganyi, lakini pia haisemi kitu. Kwa msikilizaji wa Kiswahili ni sauti tupu iliyobandikwa kwenye kitu. Kijana aliyejifunza kazi kwa kukaa kando ya fundi mkuu katika karakana ya Unga Limited (mtaa ambao, kwa bahati njema ya mjadala huu, jina lake lenyewe linatokana na kinu) atajua kwamba fezi zikibadilishana nafasi mota hugeuza mzunguko, na kwamba fezi moja ikikatika mota hunguruma. Atayajua hayo kama mazoea. Neno halimpi sababu.

Kamusi hazijalitatua jambo hili. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 iliwalenga zaidi wanafunzi wa sayansi. Kamusi ya awali ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili ya Rajmund Ohly (1987) ilistahili sifa ya pekee kwa kutolewa na taasisi ya uhandisi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam badala ya taasisi ya lugha, jambo ambalo halijaigwa inavyopasa. Hata hivyo, kamusi kwa asili yake hulinganisha neno na neno. Haiulizi neno hilo litamfanya mtu aunganishe waya upi na upi.

3.0 Kile ambacho njia haikisemi

Mtu anaposikia kwamba mota ina njia tatu na umeme wake una njia moja, fikra ya kwanza na ya haki ni kwamba njia moja igawanywe iwe tatu. Maji ya mfereji mmoja hugawanywa yakaingia mashamba matatu, na wakulima wa miteremko ya Meru wameishi kwa mifereji ya namna hiyo kwa vizazi vingi. Kwa mantiki ya njia, waya wa moto ukiunganishwa kwenye ncha zote tatu za mota kazi imekwisha. Mota haitazunguka. Mtu huyohuyo akijaribu tena kwa kuunganisha moto kwenye ncha moja na nyutro kwenye nyingine, mota itanguruma, itatetemeka kidogo, itapata joto, na isipozimwa mapema koili zake zitanuka varnishi iliyoungua. Hakuna kitu katika neno njia kilichomwonya.

Sababu ya mota kukataa kuzunguka inaweza kuelezwa kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, kupitia kutwanga. Mtu mmoja akitwanga kwenye kinu, mchi hupanda na kushuka. Kuna wakati unapiga, na kuna wakati uko juu na kinu hakipati kitu. Watu watatu wakitwanga kinu kimoja kwa kupokezana, michi yote mitatu iko mwendoni wakati wote: mmoja unapiga, mwingine unashuka, wa tatu unapanda, na kinu hakikosi pigo. Umeme wa fezi tatu uko hivyo. Kila fezi hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, yaani hukamilisha mzunguko mmoja kwa milisekunde 20, na fezi ya pili huifuata ya kwanza kwa kuchelewa theluthi moja ya muda huo, karibu milisekunde 6.7. Kwa sababu koili za mota zimepangwa kwa duara, vilele vinavyofuatana kwa mpangilio huo huonekana kwa rota kama sumaku moja inayoizunguka, nayo rota huifuata. Umeme wa fezi moja ni mchi mmoja. Sumaku yake hupanda na kushuka mahali palepale bila kuelekea popote, na nguvu inayopitishwa hufika sifuri mara 100 kwa sekunde.

Mfano wa kinu una mpaka wake, na ni vema mpaka huo utajwe. Unaeleza kufuatana kwa vilele, hauelezi mzunguko, kwa kuwa kinu hakizunguki. Lakini unafanya kazi ambayo njia haiwezi: unamfanya msikilizaji aulize nani anamfuata nani, na kwa umbali gani wa muda. Hilo ndilo swali sahihi la fundi.

Ushahidi kwamba njia ni jina la nyaya na si la umeme wenyewe unapatikana kwenye dari za nyumba nyingi. Pangaboi hutumia umeme unaoitwa wa njia moja. Kapasita yake ikifa, pangaboi hunguruma bila kuzunguka. Ukilisukuma kwa fimbo litaondoka, tena litazunguka upande wowote uliosukumiwa. Watu wengi wamewahi kufanya hivyo bila kufikiri kwamba wamefanya jaribio la fizikia. Jaribio hilo linaonyesha kwamba mota ya njia moja, ili ianze yenyewe, lazima itengenezewe ndani yake koili ya pili inayofika kilele kwa wakati tofauti na ile ya kwanza. Kwa maneno mengine, mota inayoitwa ya njia moja ina njia mbili zilizofichwa, na ya pili imetengenezwa na kapasita. Jina linaikana kazi inayofanyika ndani ya kitu kinachoitwa kwa jina hilo.

Vivyo hivyo mafundi wamegundua kwamba mota ya fezi tatu inayonguruma kwa nyaya mbili inaweza kuanzishwa kwa kamba iliyozungushwa kwenye puli na kuvutwa kwa nguvu. Mota ikishaondoka huendelea, kwa sababu rota iliyo mwendoni huweza kuufuata upande mmoja wa sumaku inayopanda na kushuka. Ujuzi huo ni wa kweli. Ni ujuzi wa hatari pia, kwa vidole na kwa koili, na umebaki bila jina linaloweza kuuunganisha na ule wa pangaboi.

Kwamba mfano alionao mtu akilini huathiri majibu anayoyatoa kuhusu umeme si dhana tu. Gentner na Gentner (1983) walionyesha kwamba watu wanaoufikiria umeme kama maji yanayotiririka na wale wanaoufikiria kama umati wa watu wanaopita hutofautiana katika maswali wanayoyajibu vizuri: wa kwanza kwenye betri, wa pili kwenye vikinza. Kwa mtazamo wa sitiari dhanifu ulioanzishwa na Lakoff na Johnson (1980), njia ni sitiari ya anga: inauchora umeme kama msafiri na waya kama barabara. Sitiari hiyo inatosha kueleza waya uliokatika. Haina mahali pa kuweka kuchelewa.

4.0 Kapasita na lugha ya nguvu

Pale istilahi kuu inapokosa wakati, maneno jirani nayo huvutwa kwenye kosa hilohilo. Kapasita, katika usemi wa kawaida wa karakana, huongeza nguvu. Ni usemi unaoeleweka: bila kapasita mota haiondoki, ikiwekwa inaondoka. Lakini kapasita haiongezi nguvu yoyote. Inauwahisha mkondo wa koili moja ili kilele chake kisigongane na cha nyingine. Inatengeneza kupokezana pale ambapo hapakuwa na kupokezana.

Tofauti ya maelezo hayo mawili hupimwa kwa fedha. Kama kapasita ni nguvu, basi kapasita kubwa ni nguvu nyingi, na mota inayosuasua ipewe kubwa zaidi. Kama kapasita ni kipima wakati, basi ipo moja inayofaa kwa mzigo fulani, na iliyozidi ni kosa sawa na iliyopungua. Katika muungano unaojulikana kwa jina la Charles Proteus Steinmetz, ambapo koili tatu huungwa kwa pembetatu na kapasita huwekwa kati ya ncha ya tatu na moja ya nyaya mbili za umeme, kanuni ya kuanzia kwa volti 230 na hezi 50 ni karibu mikrofaradi 70 kwa kila kilowati ya mota. Mota ya kilowati 1.5 itahitaji takriban mikrofaradi 105, na itegemewe kutoa kama asilimia 70 tu ya uwezo wake, yaani kilowati moja hivi. Nguvu yake ya kuondokea itakuwa theluthi moja ya kawaida au pungufu. Kwa sababu hiyo kapasita ya pili huongezwa kwa sekunde chache za mwanzo, kisha hukatwa. Isipokatwa, mota huchemka.

Lipo jambo linalowashangaza hata wenye uzoefu: mota iliyounganishwa hivyo huweza kuchemka zaidi ikiachwa izunguke bila mzigo kuliko ikiwa kazini, kwa kuwa kapasita yake imepimwa kwa mzigo. Kwa lugha ya nguvu, jambo hilo halina maelezo. Mwenye mashine ya kukatia majani anayeiacha izunguke tupu huku akienda kuleta mzigo mwingine anaamini anaipumzisha.

Arusha ina jambo lake la ziada. Uwezo unaoandikwa kwenye kibao cha mota kwa kawaida huhesabiwa kwa mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Jiji liko karibu mita 1,400, na mashamba ya miteremkoni yako juu zaidi. Hewa nyepesi huondoa joto kwa udhaifu. Tofauti hiyo ni ndogo kwa mota iliyolishwa vizuri. Kwa mota ambayo tayari mikondo yake mitatu hailingani, ni mzigo juu ya mzigo.

5.0 Kitenzi kubadilisha

Kama njia ni kasoro ya dhana, kubadilisha ni kasoro ya mapatano, na pengine ndiyo inayoumiza zaidi. Mteja humwambia fundi ambadilishie mota iwe ya njia moja. Kitenzi hicho kimoja kinabeba kazi tatu zisizofanana.

Ya kwanza ni kuunganisha upya: kuhamisha vipande vya shaba ndani ya kisanduku cha ncha kutoka nyota kwenda pembetatu na kuongeza kapasita. Koili haziguswi. Siku fezi tatu zikifika kijijini, kapasita huondolewa, nyota hurudishwa, na mota ni ileile. Ya pili ni kusuka upya: waya wa zamani hung'olewa na mwingine husukwa kwa mpango wa mota ya njia moja. Kazi hiyo ikifanywa na mkono mzuri hutoa mota tulivu kuliko ile ya kwanza, lakini haina kurudi bila kusuka tena. Ya tatu haiigusi mota kabisa. Kifaa kingine huwekwa kati yake na umeme, ama mota kubwa inayozunguka tupu ili izalishe fezi iliyokosekana, ama kifaa cha kielektroniki kinachopokea fezi moja na kutoa tatu.

Mteja aliyelipia kubadilishiwa hajui amenunua ipi. Asipojua, hawezi kulinganisha bei za mafundi wawili, na hawezi kulalamika kwa usahihi mota inapokufa. Aliyesukiwa upya na ambaye nguzo za nyaya nne zimemfikia miaka michache baadaye atagundua kwamba alichokuwa nacho, na ambacho sasa angekihitaji, kilitupwa kama shaba chakavu. Lugha ya karakana ina vitenzi kuunganisha na kusuka tangu zamani. Kinachokosekana ni desturi ya kuvitumia mbele ya mteja.

Kitenzi hicho kina dhambi nyingine: kinaahidi kwamba kila mota hubadilika. Mota ndogo, kwa kawaida zisizozidi kilowati 3 hivi, huandikwa 230/400 kwenye kibao, pamoja na alama ya pembetatu na ya nyota. Maana yake ni kwamba zikiungwa kwa pembetatu, volti 230 zinazitosha. Mota kubwa za mashine za kusaga huandikwa 400/690. Hizo hata zikiungwa kwa pembetatu zinadai volti 400, na zikipewa 230 nguvu yake ya mzunguko hushuka hadi theluthi moja. Hapo kapasita ya ukubwa wowote haisaidii. Zaidi ya hayo, mota ya kilowati 7.5 inayovuta karibu ampea 15 kwa kila waya kwa fezi tatu ingevuta zaidi ya ampea 40 kwa waya mmoja, na waya ulioletwa kwa ajili ya taa, redio na pasi haukukusudiwa mzigo huo. Kwa mashine ya kusaga ya ukubwa huo jibu la uaminifu ni kwamba haibadilishiki kwa gharama yenye maana: aombe umeme wa njia tatu, au aendelee na injini ya dizeli.

Taarifa yote ya kufikia jibu hilo imeandikwa kwenye kibao kidogo cha bati kilichopigiliwa ubavuni mwa mota. Imeandikwa kwa Kiingereza na kwa alama. Fundi aliyepitia Chuo cha Ufundi Arusha, kilichofunguliwa mwaka 1978, atakuwa amekisoma kibao hicho kwa lugha kilichoandikwa. Aliyejifunzia kazini, na mteja wake, hawana maandishi ya Kiswahili yanayokifafanua mstari kwa mstari. Wataalamu wa lugha wametumia wino mwingi kujadili kama Kiswahili kinaweza kufundishia fizikia chuo kikuu. Kibao cha mota kingekuwa mahali pa unyenyekevu zaidi, na pa manufaa ya haraka zaidi, pa kuanzia.

6.0 Pingamizi la stima, na pendekezo la zamu

Yapo mapingamizi, na lenye uzito kuliko yote linatoka ng'ambo ya Namanga. Wakenya huuita umeme stima, neno lililotokana na mvuke. Hakuna Mkenya anayechemsha maji ili awashe taa kwa sababu ya jina hilo. Maneno, pingamizi linasema, huachana na asili zao. Njia nayo itazoeleka kuwa jina tu, na fundi atajifunza ukweli kazini kama anavyojifunza sasa.

Pingamizi hilo ni sahihi kuhusu stima na si sahihi kuhusu njia. Stima ni jina la kitu kizima. Hakuna anayelitumia kufikia uamuzi. Njia moja na njia tatu ni majina yenye hesabu ndani yake, na hesabu hualika kujumlisha na kugawanya. Tena neno njia halijafa kimaana kama stima ilivyokufa. Liko hai, linatumika kila siku kwa barabara, na ndani ya fani hiyohiyo ya umeme linaitwa tena kueleza swichi ya njia mbili ya kwenye ngazi, ambayo haihusiani kwa vyovyote na fezi. Neno lililo hai huendelea kumfikirisha mtumiaji wake.

Uhakiki huu unapendekeza neno zamu kwa dhana ya fezi pale inapohusu mota: umeme wa zamu tatu, mota ya zamu tatu, zamu iliyokatika, mpangilio wa zamu. Neno ni la kale, ni fupi, na linazaa mengine kwa urahisi. Kubwa zaidi, linatamka wakati na kufuatana. Mtu akiambiwa mota inahitaji zamu tatu na nyumbani ana zamu moja, haendi kuigawanya zamu. Anauliza nyingine atazipata wapi. Akiambiwa kapasita hutengeneza zamu ya kuazima, ataelewa kwa nini ya kuazima haitoshi kama ya asili, na kwa nini lazima ipimwe. Akiambiwa kwamba kubadilishana kwa nyaya mbili hugeuza mpangilio wa zamu, mota kuzunguka kinyume hakutakuwa muujiza tena.

Neno hilo halikosi doa. Zamu ya mlinzi humaanisha kwamba mwenzake amelala, na zamu ya maji ya mfereji humaanisha kwamba shamba la jirani limefungiwa. Fezi hazilali wala hazifungiwi. Kwa hiyo zamu itapotosha kidogo isipofuatana na kitenzi kupokezana na mfano wa michi mitatu, ambamo asiyepiga bado anafanya kazi. Upotoshaji huo ni mdogo kuliko ule wa awamu na una dawa ndani ya lugha yenyewe. Suala la kukubalika ni gumu zaidi. BAKITA, tangu lilipoundwa mwaka 1967, limesanifu istilahi nyingi zilizokataliwa na watumiaji kwa kunyamaza tu, na fezi ina wenyewe ambao hawajaomba ushauri. Pengine zamu itapata nafasi kwanza kama neno la kufafanulia, yaani fundi aendelee kusema fezi na aulizwapo fezi ni nini ajibu kwamba ni zamu.

Kwenye fomu ya maombi na kwenye mita, njia ibaki. Pale mteja ananunua nyaya, na neno linazihesabu kwa usahihi. Mpaka uwe kwenye kisanduku cha ncha cha mota, ambapo herufi U, V na W zimeandikwa kwa mpangilio maalumu ambao hauhusu waya upo wapi bali unahusu upi unatangulia.